Kitabu cha Vipande

Driciru anafundisha watoto tisini na wawili
katika shule iliyo chini ya kilima cha Ediofe.
Mimi ninaye mmoja,
miezi minane, meno mawili,
na jioni mimi ndiye ninayechoka zaidi.

Nimemkalisha ndani ya katoni ya sabuni,
mto mgongoni, cherehani kati yetu,
tunatazamana kama muuzaji na mteja wasioaminiana.
Namweleza kazi: sasa napenyeza uzi.
Sasa nakanyaga. Sikia.
Chuma kinaanza kutafuna nguo, naye anatulia.
Nikisimamisha gurudumu anashika pumzi;
nikianza tena, miguu inapiga katoni
hata ukuta mmoja umepasuka.

Zamzam, jirani, anasuka kawa lake barazani:
"Wewe Adriko, unazungumza na kifurushi?"
Ndiyo. Na kifurushi kimesema *bu*.
Nami nasema *bu*.
Kisha ananyamaza, ananingoja, anarudia.
Wazee wa kikao chetu cha ukoo
hawajajifunza bado kupeana zamu hivyo.

Kijiko.
Anakiangusha, namwokotea.
Anakiangusha, namwokotea.
Mara ya tisa nikasema basi, nina sare kumi za kumaliza.
Mara ya kumi nikayaona macho yake:
hayakuwa kwangu, wala kwenye kijiko,
yalikuwa pale katikati, hewani,
mahali ambapo kitu ukikiachia huenda chini,
kila mara, hata leo, hata Jumanne.
Alikuwa anahakikisha.
Nikamwokotea.

Vitabu vya dukani nilikwisha kuuliza bei, nikatoka taratibu.
Basi nikamshonea chake kwa masalio ya chini ya meza.
Ukurasa wa kwanza jinzi, wa mwendesha boda aliyeanguka Oli.
Wa pili satini, ya bibi harusi
ambaye bado ananidaiwa, au mimi namdai, sikumbuki vizuri.
Wa tatu sweta la shule, zito, linalowasha.
Wa nne kitenge chenye ndege wa manjano.
Wa tano gauni la marehemu mama,
sehemu ya begani, palipofifia kwa kubeba kuni.

Kwenye jalada niliweka kifungo chekundu. Kilipendeza mno.
Usiku sikulala. Saa nane niliwasha tochi ya simu,
nikakifumua, nikakitupa juu ya kabati,
nikamtia kidole mdomoni akiwa usingizini
kuhakikisha hakuna kingine.
Fundi wa miaka kumi na sita,
na aliyenifundisha kuogopa kifungo ni mtu asiye na nywele.

Anasoma kwa ulimi.
Jinzi anaitafuna hadi mwisho.
Satini anaivuta shavuni, anafumba jicho moja.
Sweta analikunjia uso, kisha analirudia,
kama mtu anayerudia pilipili.
Ukurasa wa bibi yake anauruka.
Sikukasirika. Sana.

Mchana umeme unapokatika nampima kwa utepe,
kisigino hadi utosi, namhesabia Kilugbara:
*alu, iri, na, su, towi*,
kidole kwa kidole, na kwenye *towi*
namtekenya. Wiki iliyopita
alianza kucheka kwenye *su*.
Alishajua kinachokuja.
Nilisimama na utepe shingoni, sikuwa na la kusema,
mteja alikuwa mlangoni akiuliza suruali yake.

Driciru amerudi na vumbi la chaki kwenye nyusi,
na rundo la madaftari ya kusahihisha.
Anauliza: leo mmefanya nini?
Namwambia: hakuna. Tumeshona.
Ayikoru anatambaa na kitabu kimelowa chapachapa,
anakiweka juu ya rundo, pamoja na mengine,
na kusubiri.

Mwalimu akashika kalamu nyekundu,
akaitazama ile jinzi iliyotafunwa.
Akaweka kalamu chini.

Kesho nitaongeza ukurasa wa sita.
Nina kipande cha gunia, kinanuka kahawa.